Kubashiri Seti ya Kwanza ya Mechi ya Tenisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanaobeti tenisi huyarudia kila yanapofika mashindano makubwa manne ya mwaka, yaani Melbourne, Paris, Wimbledon na New York. Manung'uniko mengi hutokana na kosa moja: mtu huichukulia seti ya kwanza kuwa kionjo cha mechi, ilhali kwa hesabu ya odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) na kwa kanuni za malipo seti hiyo ni mchezo unaojitegemea, wenye mwanzo wake na mwisho wake.

## Misingi

1. Kubashiri seti ya kwanza maana yake ni nini?

Maana yake ni kuweka dau juu ya kitakachotokea tangu pointi ya kwanza ya mechi hadi seti ya kwanza inapokamilika, na si zaidi ya hapo. Ukimchagua mchezaji akashinda seti ya kwanza 6-4, kisha akapoteza mechi yote, wewe umeshinda. Kadhalika, akipoteza seti ya kwanza na baadaye akanyanyua kombe, mkeka wako, yaani tiketi yako ya ubashiri, umechanika na kombe lake halikusaidii.

2. Seti huishaje, na inaweza kuisha kwa matokeo gani?

Mchezaji hushinda seti anapofikisha gemu sita akiwa amemwacha mpinzani wake kwa gemu mbili au zaidi. Wakifika 5-5, seti inaweza kuisha 7-5; wakifika 6-6, huchezwa taibreki, ambapo anayetangulia kufikisha pointi saba kwa tofauti ya pointi mbili huchukua seti kwa 7-6. Kwa hiyo kila mchezaji ana matokeo saba tu ya ushindi, ambayo ni 6-0, 6-1, 6-2, 6-3, 6-4, 7-5 na 7-6, na kwa wachezaji wawili jumla ni matokeo kumi na manne.

Taibreki huhesabiwa kuwa gemu moja hata ikiendelea hadi pointi 15-13. Wanaobeti jumla ya gemu husahau jambo hili, wakadhani kwamba kila pointi ya taibreki inawaongezea hesabu.

Seti ya kwanza haina njia ya kurefuka bila kikomo. Isner na Mahut walicheza Wimbledon mwaka 2010 kwa saa 11 na dakika 5 katika siku tatu, na seti ya tano ikaisha 70-68. Lakini seti yao ya kwanza ilikuwa 6-4 ya kawaida kabisa, na aliyeibashiri alikuwa ameshalipwa siku mbili kabla wenzake hawajajua mshindi wa mechi.

3. Ni masoko gani hupatikana kwa seti ya kwanza?

Soko ni jambo moja unaloweza kulibashiri. La kawaida ni mshindi wa seti. Baada ya hilo kuna jumla ya gemu, yaani zaidi au chini ya kiwango fulani. Handikapu ya gemu, yaani mchezaji kuongezewa au kupunguziwa gemu kadhaa kwenye hesabu. Matokeo kamili ya seti. Taibreki kuwepo au kutokuwepo. Nani atatangulia kufikisha gemu tatu au nne. Na soko la pamoja la seti ya kwanza na mechi, ambalo hukutaka utaje mshindi wa seti ya kwanza na mshindi wa mechi kwa mpigo mmoja. Mechi za mashindano madogo mara nyingi huwa na soko la mshindi wa seti peke yake.

## Odi na hesabu zake

4. Kwa nini mchezaji mwenye nafasi kubwa ana odi ya 1.50 kwenye seti ya kwanza, huku odi yake ya mechi ikiwa chini ya hapo?

Kwa sababu kadiri mchezo unavyorefuka ndivyo aliye bora anavyopata nafasi ya kusahihisha makosa yake. Tuchukue mchezaji mwenye uwezekano wa asilimia 60 wa kushinda kila seti, na tuseme kwamba seti moja haiathiri nyingine. Katika mechi ya seti tatu (anayetangulia kushinda mbili), uwezekano wake wa kushinda mechi ni asilimia 64.8, na katika mechi ya seti tano (anayetangulia kushinda tatu), kama zile za wanaume kwenye mashindano makubwa manne, unapanda hadi asilimia 68.3. Mwenye asilimia 70 kwa kila seti hufika 78.4 kwa seti tatu na 83.7 kwa seti tano.

Mnyonge hupata kinyume chake: nafasi yake ya kuiba seti moja ni kubwa kuliko nafasi yake ya kuiba mechi, na ndiyo maana odi yake ya seti ya kwanza huwa ndogo kuliko odi yake ya mechi. Hakuna zawadi hapo kwa upande wowote. Odi imefuata hesabu, na anayesema kwamba seti ya kwanza inalipa vizuri zaidi kwa mchezaji yule yule amesahau kwamba hatari nayo imeongezeka.

5. Kampuni inapata wapi faida yake?

Gawanya 1 kwa kila odi ya soko husika, kisha ujumlishe. Kwa odi za 1.50 na 2.50 utapata asilimia 66.7 na asilimia 40, jumla 106.7. Zile asilimia 6.7 zinazozidi mia ndizo makato ya kampuni, nayo hukatwa ndani ya odi kabla hujaweka dau, ushinde au ushindwe.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwenye soko la matokeo kamili, ukijumlisha odi zote kumi na nne, nawe utaona jumla ikipanda sana. Kwa maoni yangu soko hilo ndilo ghali kuliko yote ya seti ya kwanza, ingawa odi zake nono ndizo zinazowavutia wageni.

6. Kuna tofauti gani kati ya zaidi ya gemu 10.5 na zaidi ya gemu 11.5?

Hakuna. Seti haiwezi kuisha kwa gemu 11, kwa sababu 6-5 si matokeo ya mwisho. Seti huisha kwa gemu 6, 7, 8, 9, 10, 12 au 13. Zaidi ya 10.5 na zaidi ya 11.5 zote zinadai 7-5 au 7-6, kwa hiyo ukizikuta mbili hizo zikiwa na odi tofauti, chagua inayolipa zaidi bila kusita. Zaidi ya 9.5 hushinda kwa 6-4, 7-5 na 7-6, na zaidi ya 12.5 ni jina lingine la taibreki kuwepo.

Handikapu nayo husomwa hivyo hivyo. Pungufu ya gemu 1.5 hushinda kwa kila ushindi isipokuwa 7-6. Pungufu ya gemu 2.5 inahitaji 6-3 au zaidi ya hapo, kwani 6-4 na 7-5 zote zina tofauti ya gemu mbili tu.

7. Je, anayeanza kupiga sevu ana umuhimu wowote?

Ana umuhimu mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwenye jumla ya gemu. Wachezaji hupokezana kupiga sevu gemu kwa gemu; kulinda sevu ni kushinda gemu unayopiga sevu wewe, na kuvunja ni kushinda ile anayopiga mpinzani. Chukua seti ambayo kila mmoja analinda sevu zake, isipokuwa mchezaji A anamvunja B mara moja mapema. Kama A ndiye aliyeanza kupiga sevu, baada ya gemu tisa atakuwa amepiga sevu katika gemu tano akazilinda zote na kuongeza gemu moja aliyoivunja, na seti imekwisha 6-3. Kama aliyeanza ni B, baada ya gemu hizo hizo tisa A ana tano na B ana nne, hivyo A atahitaji kupiga sevu ya gemu ya kumi ili kumaliza 6-4.

Ubora wa wachezaji haukubadilika, idadi ya sevu zilizovunjwa ni ile ile moja, lakini katika hali ya kwanza aliyechagua chini ya 9.5 amelipwa na katika hali ya pili ameliwa. Kilichoamua ni sarafu iliyorushwa na mwamuzi wachezaji walipokutana kwenye wavu. Mshindi wa kura hiyo anaweza kuchagua kuanza sevu, kupokea, kuchagua upande, au kumwachia mpinzani wake uamuzi. Anayebeti jumla ya gemu asubuhi kwa mechi ya jioni hana njia ya kujua hilo, na ingefaa alihesabu kuwa sehemu ya bahati aliyoinunua.

8. Aina ya uwanja inabadilisha nini?

Kwenye nyasi mpira huteleza na kubaki chini, mpiga sevu hupata pointi za haraka, na kuvunja sevu huwa kugumu zaidi. Kwa hiyo matokeo ya 7-5 na 7-6 yana nafasi kubwa zaidi. Kwenye udongo mwekundu wa Paris mpira hupungua kasi na kudunda juu, mpokeaji hupata muda, na sevu huvunjwa mara nyingi zaidi. Viwanja vigumu viko katikati, tena havifanani vyenyewe kwa vyenyewe. Hata hivyo haya yote kampuni inayajua, na tayari yamo ndani ya odi.

9. Mchezaji bora akipoteza seti ya kwanza, ana nafasi gani ya kurudi?

Inategemea mechi ni ya seti ngapi. Yule mchezaji wetu wa asilimia 60 kwa seti, akipoteza ya kwanza katika mechi ya seti tatu, hubaki na asilimia 36, kwa sababu lazima ashinde zote mbili zilizobaki. Katika mechi ya seti tano hubaki na asilimia 47.5, karibu nusu kwa nusu. Hesabu hii haijagusa uchovu, maumivu wala hofu, ambavyo huweza kuisukuma upande wowote.

Fainali za miaka ya karibuni zina mifano mingi ya wanaume waliorudi. Paris mwaka 2021 Tsitsipas alichukua seti mbili za mwanzo na Djokovic akazichukua tatu zilizofuata. Melbourne mwaka 2022 Medvedev aliongoza seti mbili kwa nunge dhidi ya Nadal, na mwaka 2024 akaongoza vivyo hivyo dhidi ya Sinner. Mara zote mbili alishindwa. Wimbledon mwaka 2023 Djokovic alishinda seti ya kwanza 6-1, lakini kombe likaenda kwa Alcaraz. Kwa wanawake, ambao hucheza seti tatu, Jabeur wa Tunisia alichukua seti ya kwanza ya fainali ya Wimbledon mwaka 2022 kwa 6-3 kabla ya Rybakina kumgeuzia kibao, na Gauff alipoteza seti ya kwanza mbele ya Sabalenka New York mwaka 2023 na Paris mwaka 2025, akashinda fainali zote mbili.

Mifano hiyo isikuhadae: tunaikumbuka kwa sababu ilikuwa na msisimko. Fainali ambazo aliyeshinda seti ya kwanza alimaliza kazi bila kelele ni nyingi, na hakuna anayezisimulia.

10. Je, ni busara kuunganisha seti za kwanza za mechi nyingi kwenye mkeka mmoja?

Kuunganisha kunazidisha odi, na kunazidisha makato pia. Tuseme umechagua mechi tano ambazo kila moja ni nusu kwa nusu, na kampuni inakupa odi ya 1.90 badala ya 2.00 ya haki. Odi ya mkeka itakuwa takribani 24.76, ilhali uwezekano wako ni moja kwa 32. Katika kila shilingi 100 utakazoweka hivyo kwa muda mrefu, tarajia kurudishiwa kama 77. Dau moja moja kwa odi hiyo hiyo ya 1.90 lingekurudishia 95.

Mshindi wa seti ya kwanza na mshindi wa mechi hiyo hiyo haviwezi kuzidishwa kama vitu visivyohusiana, kwa kuwa kimoja kinavuta kingine. Ndiyo sababu kampuni hukataa muunganiko huo, au hukupa soko lake maalumu lililotajwa kwenye swali la 3.

## Kubeti mechi ikiendelea

11. Kwa nini soko hufungwa kila ninapotaka kubonyeza?

Kwa sababu taarifa za pointi huifikia kampuni kabla hazijafika kwenye runinga yako. Mwamuzi wa kiti huingiza kila pointi kwenye kifaa chake, na taarifa hiyo husafiri moja kwa moja, huku picha unayoitazama ikichelewa kwa sekunde kadhaa. Wewe unaona 30-40 na kushangilia nafasi ya kuvunja sevu, kumbe gemu imekwisha. Kampuni pia huchelewesha kukubali dau lako kwa makusudi, ili isinaswe na mtu aliyeketi uwanjani.

Katika seti ya kwanza odi hurukaruka zaidi kuliko odi za mechi, kwani sevu moja ikivunjwa inaweza kuwa ndiyo seti yote.

## Sheria na usafi wa mchezo

12. Je, inaruhusiwa, na kwa umri gani?

Nchini Tanzania michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na umri wa chini ni miaka 18. Kenya nayo ni miaka 18, na sheria mpya ya mwaka 2025 imeunda mamlaka mpya ya usimamizi. Uganda ni tofauti na inawashangaza wengi: umri wa chini ni miaka 25. Kodi hubadilika karibu kila bajeti, kwa hiyo soma viwango vya mwaka husika kabla ya kulalamika kwamba malipo yamepungua.

Wapo wanaouliza kama hii ni kamari. Ni kamari; sheria yenyewe inaiita michezo ya kubahatisha, na kwa Mwislamu jibu la dini liko wazi bila kusubiri bodi yoyote.

13. Mtu ameniuzia seti ya kwanza ya uhakika kwenye Telegram. Je, niamini?

Usiamini. Ni kweli kwamba wapangaji wa matokeo wameipenda seti moja moja, kwa sababu mchezaji anaweza kuipoteza kwa makusudi, kisha akashinda mechi na kuendelea na mashindano bila kutiliwa shaka. Mwaka 2023 mahakama nchini Ubelgiji ilimhukumu kifungo cha miaka mitano kiongozi wa mtandao uliowahonga wachezaji wa ngazi za chini, na shirika la kimataifa la uadilifu wa tenisi, ITIA, limewafungia wachezaji kadhaa maisha. Wachezaji, makocha na waamuzi hawaruhusiwi kubeti tenisi popote duniani.

Lakini mwenye siri ya kweli ya aina hiyo haiuzi kwa shilingi elfu tano kwa watu elfu. Anayeuza mara nyingi huwapa nusu ya wateja mchezaji mmoja na nusu nyingine mpinzani wake, kisha huendelea na wale walioshinda. Isitoshe, seti ikishukiwa, kampuni inaweza kuzuia malipo wakati uchunguzi ukiendelea.

14. Je, mtu anaweza kuishi kwa kubeti seti za kwanza?

Hesabu ya swali la 5 inakuanzisha ukiwa nyuma kabla mpira haujarushwa, na swali la 7 linaonyesha ni kiasi gani cha matokeo kiko mikononi mwa sarafu. Aliyekwisha kukopa, au kugusa ada ya mtoto na kodi ya nyumba, aombe kampuni ifunge akaunti yake leo, na amweleze mtu wa karibu aliyemzidi utulivu.

## Hali zisizo za kawaida

Kanuni za kampuni hazifanani, na yafuatayo ni desturi ya zilizo nyingi. Kanuni uliyoikubali ulipofungua akaunti ndiyo itakayokuamua.

15. Mchezaji akijitoa kabla ya mechi kuanza, au mvua ikikatiza seti?

Akijitoa kabla ya pointi ya kwanza, dau hurudishwa, na kwenye mkeka wa mechi nyingi chaguo hilo huhesabiwa kwa odi ya 1.00. Mvua au giza haviharibu kitu: seti ikiendelea kesho ilipoishia, ubashiri wako unaendelea nayo.

16. Mechi ikiwa na mpangilio mfupi, hesabu za hapo juu zinabaki?

Hazibaki zote. Kwenye mashindano ya vijana ya Next Gen ATP Finals seti ni ya gemu nne, na taibreki huchezwa kwa 3-3, hivyo viwango vya swali la 6 havifai. Mechi za wawili wawili kwenye ziara za ATP (wanaume) na WTA (wanawake) zina seti ya kwanza ya kawaida ya gemu sita, ila wakifika 40-40 huchezwa pointi moja tu ya kuamua, na taibreki ndefu huchukua nafasi ya seti ya tatu.

17. Mchezaji akijiondoa baada ya seti ya kwanza kukamilika?

Seti iliyokamilika imekamilika, na ubashiri wake hulipwa. Melbourne, Januari 2025, Djokovic alipoteza seti ya kwanza ya nusu fainali 7-6 mbele ya Zverev na papo hapo akampa mkono wa kuaga. Aliyemchagua Zverev kwa seti alilipwa bila mjadala, ingawa waliobeti idadi ya seti walirudishiwa madau yao.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Wimbledon, Julai 2025. Dimitrov aliongoza 6-3, 7-5 na 2-2 dhidi ya Sinner, akaumia msuli wa kifua na kujiondoa. Aliyebashiri Dimitrov kwa seti ya kwanza alishinda, huku Sinner akiandikwa mshindi wa mechi, na baadaye akatwaa kombe.

18. Na akijiondoa katikati ya seti ya kwanza?

Soko la mshindi wa seti hufutwa na madau hurudishwa, hata kama mmoja alikuwa akiongoza kwa mbali. Serena Williams alijiondoa Wimbledon mwaka 2021 kwa 3-3 dhidi ya Sasnovich, na hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuja Agosti 2025, kwenye fainali ya Cincinnati, Sinner alipojiondoa akiwa mgonjwa baada ya dakika 23, Alcaraz akiongoza 5-0. Aliyembashiri Alcaraz kwa seti aliona kama ameporwa, lakini gemu ya sita haikuchezwa, na kwa kanuni ya kawaida hakuna seti ya 5-0. Aliyebashiri kwamba Alcaraz angetangulia kufikisha gemu tatu alikuwa ameshashinda, kwa sababu inayoelezwa kwenye swali la 19.

19. Je, kuna ubashiri unaolipwa ingawa seti haikukamilika?

Upo, kwenye kampuni ambazo kanuni zake zinasema kwamba soko lililokwisha kuamuliwa hulipwa, yaani soko ambalo hakuna njia yoyote halali ya kumaliza seti ambayo ingebadilisha jibu lake. Mfano ulio safi kuliko yote ni wa New York, tarehe 6 Septemba 2020. Djokovic, akiwa nyuma 5-6 katika seti ya kwanza dhidi ya Carreño Busta, aliupiga mpira kwa hasira nyuma yake, ukamgonga mwamuzi wa mstari shingoni, na Djokovic akaondolewa mashindanoni.

Gemu 11 zilikuwa zimechezwa, na seti kutoka hapo ingeweza kuisha kwa njia tatu tu: 7-5 au 7-6 kwa Carreño Busta, au 7-6 kwa Djokovic. Katika zote tatu jumla ni gemu 12 au 13, kwa hiyo zaidi ya 9.5 na zaidi ya 10.5 zilikuwa zimeshinda. Carreño Busta akiongezewa gemu 1.5 alikuwa ameshinda pia, maana Djokovic hakuwa tena na njia ya kumpita kwa gemu mbili. Mshindi wa seti, matokeo kamili na kuwepo kwa taibreki vilikuwa bado wazi, na madau yake yalistahili kurudishwa. Ukikataliwa malipo katika hali kama hii, iandikie kampuni ukitaja matokeo yaliyobaki moja baada ya jingine, kisha uulize ni lipi kati yake lingekufanya ushindwe.